Jina Lako Nyuma ya Mtungi

Tyddyn Eithin,
Llangelyddon,
Meirionnydd.
13 Aprili 1987

Mpendwa Mama mdogo Nest,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Patagonia, na kwamba lile goti ulilolilalamikia wakati wa Krismasi limepata nafuu. Kwenu najua baridi ndiyo inaanza. Huku ndiyo inaondoka kwa kusuasua, na wanakondoo wamejaa bondeni wanapiga kelele mchana kutwa. Mimi na mume wangu Gethin hatujambo. Mama naye hajambo kiasi, na habari zake ndizo zilizonikalisha mezani tangu asubuhi. Chai imepoa sijainywa, na mwandiko unisamehe.

Mwezi uliopita aliteleza penye mlango wa nyuma akiwa amebeba ndoo ya makaa, akavunjika nyonga. Hospitali wamemtengeneza, amerudi, anatembea kwa gongo na kugombana na kila anayemwonyesha kiti. Ila daktari aliniita pembeni akaniambia moyo wake umechoka. Hakutaja siku wala miezi. Alisema tu nisipange safari za mbali mwaka huu, na mimi nikaelewa, kama nawe ulivyoelewa sasa.

Basi Jumapili ya Maua ikakaribia. Sidhani umesahau Jumamosi yake inavyokuwa: wiki moja kabla ya Pasaka, kila ukoo na ndoo na brashi zake, mawe yanasuguliwa mpaka yang'ae, halafu maua, ili kengele ikilia asubuhi pasiwe na marehemu hata mmoja wa Llangelyddon aliyesahauliwa. Kaburi chafu siku hiyo ni aibu kuliko mtoto mchafu kanisani. Na kaburi la Babu na Bibi, Mama hajawahi kumwachia mtu. Tangu utotoni kazi yangu ilikuwa kuchota maji bombani karibu na lango. Nikitua ndoo kwenye kijia anaipokea, "Haya, kalete nyingine," na mimi nageuka. Miaka yote hiyo nilidhani ni ukali wake tu.

Safari hii hakuweza kupiga magoti, ikabidi anitume. Alinipa amri kama jemadari: anza juu, maliza pembeni, usitumie sabuni, na ule mtungi mkubwa wa maua ulio mbele ya jiwe usiuguse. "Umekaa mahali pake," akasema. Ningemtii, Mungu ni shahidi, lakini konokono walikuwa wamejazana nyuma ya mtungi na mimi sipendi kazi nusunusu. Nikausogeza.

Mama mdogo, nyuma ya mtungi kuna jina lako.

Nest, 1918, halafu kistari, halafu hakuna kitu. Limechongwa vizuri kwa herufi zile zile za Babu na Bibi, chini ya majina yao, na ndani ya herufi hamna hata chembe ya kuvu. Maana yake kuna mtu analisugua kila mwaka. Nilikaa chini kwenye majani mpaka sketi ikalowa. Jina la mtu aliye hai kwenye jiwe la kaburi! Na barua yako ya Krismasi, umeandika umetengeneza jemu ya maboga, ilikuwa bado mkobani mwangu.

Nikwambie ukweli, wazo langu la kwanza lilikuwa baya. Kila mtu hapa anayajua maneno aliyokutupia Mama pale langoni pa kanisa mwaka arobaini na sita, ulipoondoka na mumeo kuwahi meli, na Bibi yumo kitandani anakata roho. Nimeyasikia mara nyingi: "Nenda, usirudi. Hata shubiri moja ya udongo huu hutaipata." Nikadhani basi amekuzika ukiwa hai. Nikadhani kila mwaka anapokea ndoo yangu ya maji ili aende kukulaani kwa raha zake. Mama yangu mzazi! Nilichukia, nikaogopa, na nikaona haya kwa niaba yake.

Aliyenikuta pale chini ni Tegwyn, mchimba makaburi wetu, mtoto wa yule mchonga mawe wa zamani. Alikuwa anafukuza kondoo wawili waliopenya ukuta ulipobomoka, karibu na ule mti mkongwe wenye pango shinani. Akaacha kondoo.

"Umeusogeza mtungi," akasema. "Basi mama yako Mair atanizika mimi kabla sijamzika yeye."

"Kumbe ulijua?"

"Baba ndiye aliyechonga, mimi nilimshikia jiwe. Akaapishwa, na mimi nikaapishwa. Ni mwaka ule ulipofiwa na baba yako."

"Watu wazima na ndevu zenu, mnachonga jina la mtu aliye hai! Hamkuweza kumwambia hapana?"

"Wewe umeshawahi kumwambia hapana mama yako?"

Nikamuuliza tu kwa nini Mama alitaka lichongwe.

Ndipo akanieleza, akiwa ameegemea sepetu yake. Mwaka huo kasisi alitangaza kwamba uwanja wa kanisa umejaa. Ndani ya ukuta wa duara hakuna kaburi jipya litakalochimbwa tena, labda uwe na nafasi katika kaburi la wazazi wako. La Babu lilichimbwa la watu watatu na wameingia wawili. Nafasi iliyobaki ni ya mkubwa, na mkubwa ni Mama. Baba yangu, kama ujuavyo, amelala kwao ng'ambo ya mlima na kaburi lile limeshajaa, kwa hiyo Mama hana kwingine.

"Akaenda kwa kasisi akaiandikisha kwa jina la mdogo wake," Tegwyn akasema. "Yeye mwenyewe ameandikwa makaburi ya mjini."

"Yale ya barabarani? Ubavuni mwa gereji?"

"Hayo hayo. Nilimwambia, Mair, utanusa petroli mpaka siku ya kiyama. Akaniambia nifunge mdomo nikalime. Wahenga walisema, ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Nimelima miaka kumi na tisa, Lowri. Nimechoka."

Nilirudi nyumbani mbio kama mwehu, brashi mkononi. Mama alikuwa jikoni anamenya viazi. Hata koti sijavua, akatazama tope magotini pangu.

"Umeusogeza."

"Mama, wewe utalala wapi?"

"Mjini. Kuna magari, sitakosa cha kusikiliza."

"Lakini ulimwambia hatapata hata shubiri moja!"

Akaweka kisu chini. Mama mdogo, sijawahi kumwona Mama akiweka kisu chini katikati ya kiazi.

"Nilisema," akajibu. "Mbele ya watu. Maji yakimwagika hayazoleki. Ulitaka nimwandikie barua? Mimi barua siwezi. Nilichoweza ni hicho." Akafuta mikono. "Mimi nilikuwa na Mama mpaka mwisho. Nilimwosha, nilimfumba macho kwa mkono wangu huu. Nest hakupata hata kumshika kidole. Mimi zamu yangu nilishaipata. Hii ni yake."

Nililia kama mtoto. Alinipa kitambaa cha kufutia vyombo na kuniambia nisikiloweshe sana. Halafu, bila kuniangalia, "Na usidhani sijui kwamba mnaandikiana. Beti wa posta ana mdomo, na stempu za Argentina haziokotwi njiani."

Jana akataka kwenda kanisani. Gethin akamsukuma kwenye kiti cha magurudumu kupita lango, kijia chote, makaburi yote yamejaa maua ya manjano ya dafodili. Mtungi sikuwa nimeurudisha. Niliuacha pembeni na jina lako likabaki wazi. Watu walikuwa wamesimama pale wanalisoma. Beti wa posta alikuwa na peremende mdomoni, nadhani aliimeza nzima. Nilingoja Mama anipigie kelele mbele ya kijiji kizima. Akalitazama jiwe muda mrefu, akainama kadiri nyonga ilivyomruhusu, akalipangusa jina lako kwa kona ya shali yake. Kisha akasema, "Herufi ya mwisho hukuisugua vizuri, Lowri." Basi, hakuna zaidi. Kengele ikalia, tukaingia ndani.

Baada ya ibada Tegwyn alimfuata akamwambia kuna njia. Mmoja wenu akikubali mwili wake uchomwe, majivu yake yatiwe kwenye kisanduku, mtaenea wote wawili pamoja na wazazi wenu, na kasisi ameshakubali. Mama akamuuliza tangu lini anauza kuni. Jibu lenyewe hakutoa.

Sasa mimi nimekueleza yote, na huenda nimevunja siri ambayo haikuwa yangu. Nisamehe. Miaka arobaini na moja umeamini huna chako hapa, nami nimeishi nyumba moja na mtu aliyekuwa anakusugulia jina na kukuwekea maua, nikamwita mkatili moyoni. Sikuombi uje kwa ajili ya jiwe. Jiwe lipo, litangoja. Mama hatangoja. Chumba cha mbele nimekitandikia shuka safi leo asubuhi, na kutoka kituo cha treni Gethin atakuleta kwa gari.

Nisalimie sana mumeo, Baba mdogo Emrys, na kaka yangu, mwanao Aled, na mkewe, na yule mjukuu aliyezaliwa Februari ambaye hukuniandikia jina lake. Gethin anawasalimu wote. Mungu akulinde njiani, akulainishie bahari na hilo goti, na atukutanishe tukiwa bado tunaweza kupikiana chai.

Ni mimi mwanao ninayekupenda, ingawa hatujaonana kwa macho,

Lowri

Nilikuwa nimeshalamba bahasha Mama akaniita. Anasema nikuulize kama bado unapiga mateke usingizini, maana mlipolala kitanda kimoja ulimwangusha sakafuni mara tatu. Kama umeacha, anasema, kisanduku atakikubali yeye. Nimemwambia swali kama hilo halijibiwi kwa barua, naye akasema basi uje umjibu mwenyewe.