Mama, Mtani Wako Yuko Majini

Mama yangu,

Sasa hivi mjukuu wako Anjela amesimama mlangoni, mikono kiunoni, tumbo mbele, akaiambia mvua, "Nyamaza, mwizi wewe!" Vilevile kama ulivyokuwa ukimwambia Mzee Ngonyani akipita hapa asubuhi. Hakuna aliyemfundisha. Ulipotutoka alikuwa bado wa mgongoni. Nimecheka, Mama, nimecheka mpaka nikashika ukuta, halafu nikaona haya, maana baba yake hajarudi.

Maji yameshika bonde lote. Mpunga ulikuwa umeanza kuinama, na Baba Anjela alikwenda kulala kule dunguni, kwenye kibanda chake cha juu ya miti, nguruwe wasije wakaumaliza. Usiku huo mto ukapanda. Kulipokucha hapakuwa na shamba, hapakuwa na njia, ni maji tu, na magogo yanapita yakizunguka. Dungu lake ni refu. Miti yake ni ya msituni, aliichimbia mwenyewe. Nayasema haya kila ninapopuliza moto.

Nakuandikia kwa penseli, kwenye karatasi ya sukari ya dukani kwa Mhindi. Padri anasema tukuombee, na ninakuombea. Lakini kuombea siyo kuzungumza, na leo nataka tuzungumze, maana nimefanya jambo na sijui kama nimefanya vizuri.

Siku tuliyokuzika, Mzee Ngonyani aliruka akaingia kaburini akajilaza, na koti lake lile, akasema hatoki mpaka apewe jogoo, kwa kuwa Wapogoro ni wachoyo na wewe ndiye uliyekuwa mama yao. Watu wakacheka huku wanalia. Ni haki ya mtani, Mngoni kwa Mpogoro, hata mimi najua. Lakini baada ya hapo, Mama, kukawa kimya. Siku za mwanzo alipita akanirushia, "We kifaranga cha kikongwe, bado unakula udongo?" Nami nikamwambia shikamoo, nikainamisha kichwa, kama tulivyofundishwa shule ya misheni. Akaitikia marahaba, akaenda zake. Kesho yake hivyo hivyo. Mwisho akawa anapita njia ya nyuma. Nilidhani amekusahau. Nilidhani yale ya kila asubuhi, wewe na fagio lako, yeye na fimbo yake, yalikuwa kelele za wazee tu. Kumbe nilikuwa naamka nikizisubiri bila kujua ninasubiri nini.

Basi maji yalipokuja niliwaendea vijana wenye mitumbwi. Wakasema tungoje yatulie. Akabaki yeye, na ule mtumbwi alioachiwa na wakwe zake Wandamba, watu wa mto. Nikaenda nikapiga magoti kwenye tope la uani kwake, nikasema, "Shikamoo babu. Nakuomba kwa heshima zote, nisaidie, mume wangu yuko majini." Akanitazama. Akaendelea kumenya muhogo.

"Heshima hizo wapelekee wageni," akasema. "Mtani wangu amekufa."

Hapo sijui kilichonipata. Nililia, halafu kilio kikageuka. Nikasimama na tope langu magotini nikamwambia, "Mngoni wewe, babu zako walifika huku kwa kukimbia, na maji unayaogopa kama paka! Mama yangu alikujua, ndiyo maana alikufukuza kwa fagio, hakuhitaji panga! Kaa hapo umenye muhogo, Mpogoro afe, upate jogoo mwingine!"

Jirani yetu Mama Tekla, aliyenifuata hadi pale, akashika mdomo. Mzee akainamia muhogo wake. Mabega yakaanza kutikisika, nikaogopa nimemliza mtu mzima. Kumbe anacheka! Anacheka machozi yanamtoka, anasema, "Huyo! Huyo ndiye mtoto wa kikongwe! Ulikuwa wapi siku zote hizi, mchawi wewe?" Akachukua pondo lake la kusukumia mtumbwi. Akasema mtani akikutuma huwezi kukataa, aibu itakufuata mpaka ahera. Akaondoka, mgongo umepinda, ananitukana mpaka matete yakamfunika.

Hiyo ilikuwa jana asubuhi. Hajarudi. Sasa wako wawili kwenye maji, na neno nililomsindikiza nalo mzee wako ni paka.

Vijana wanapita, wananitazama, wanashika njia yao. Mama Tekla amekuja na makaa kwenye kigae, akawasha moto wangu kana kwamba mimi nimejifungua jana, akakoroga uji, akamlisha Anjela. Mtoto akala, akalamba kidole chake kimoja, kingine akampa Mama Tekla alambe. Naye akakilamba, kwa heshima kabisa, kama mtu aliyekaribishwa nyumba ya watu. Mama, mambo kama haya yalikuwapo siku zote? Mbona hukuniambia? Au uliniambia, mimi nikawa natwanga?

Naogopa. Lakini siwezi kukuficha, nina tumaini, tumaini la kijinga kabisa. Nimeinjika chungu kile kikubwa, kana kwamba wageni wameshapiga hodi.

Lala salama, Mama. Nakuahidi hivi. Akirudi, apite njia ya mbele, nami nitamjibu kila asubuhi, neno kwa neno, hata nikiwa na homa, hata nikiwa na uchungu wa kuzaa. Na asiporudi, mimi ndiye nitakayeshuka kaburini kwake nijilaze nidai jogoo. Nitalia, lakini nitadai. Na Anjela nitamfundisha kwamba mtani

Mama, kuna mtu anaita huko kwenye matete. Mama Tekla anakimbia. Ni mzee! Anapiga kelele, "We Mpogoro, toka nje! Njoo uchukue mzigo wako, ni mzito, na umenimalizia tumbaku yote!" Anjela ananivuta kanga. Kuna sauti nyingine nyuma yake, imekauka, ya Baba Anjela, inaniita jina langu la nyumbani, inasema