Rangi Mbichi Kwenye Nguzo

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na goti lako limetulia. Mimi nakula, nalala, nakwenda kazini. Zaidi ya hapo sina la kusema juu ya hali yangu.

Bwawa limefunguliwa tena. Huku juu, kijito kinapoingia, ni matete na wavuvi wa ndoano wanaodanganyana kuhusu samaki waliowaponyoka. Katikati ni mitumbwi ya kukodi. Kule chini kwenye mawe watu wanaogelea kama kawaida. Ubao wa kurukia nimeung'oa, nikasema umeoza. Muuza tiketi ananitania kwamba siku hizi nimekuwa bubu kuliko kambare.

Msimamizi wa bwawa aliandika kwenye ripoti yake kwamba shemeji aliruka kombo akagonga mawe, kwa ulevi. Mama naye kaniambia umekataa kwenda kaburini, kwamba mumeo alikuapia ameacha pombe na amekufa akikudanganya. Nilimwitikia mama ndiyo, ndiyo, nikamalizia chai yangu.

Unaijua kazi yangu. Kila mwaka mvua zikiisha napanda mtumbwi, nashusha kamba yenye mafundo na jiwe, napima kina chini ya ubao, kisha naandika namba kwenye nguzo kwa rangi nyeupe. Mwaka huu mtumbwi ulikuwa unavuja, na kesho yake tunafungua. Niliyatazama maji, nikaona ni yaleyale. Nikaipaka upya namba ya mwaka jana, mita tatu na nusu. Macho yangu ndiyo niliyoyafanya kamba. Kumbe kijito kilikuwa kimeshusha tope mpaka pale.

Nilipima siku ya pili baada ya mazishi. Mita moja na robo.

Dada, shemeji hakuwa amelewa. Alikunywa soda, nilimpa mimi. Aliniuliza kama pamepimwa, maana alikuwa mtu wa kuuliza. Nikamwonyesha nguzo, rangi bado mbichi, nikamwambia aruke tu. Akaruka kichwa mbele, sawasawa, hakugusa jiwe lolote; ni tope la chini lililomvunja shingo.

Nilinyamaza miezi miwili, nikakuacha umchukie. Msimamizi naye nimemwandikia haya yote, barua nitaipeleka asubuhi. Sijui watanifanya nini, wala sijaogopa bado.

Nenda kaburini. Kiapo chake alikitimiza.

Wasalimie wanao. Ukiona vigumu kunitaja mbele yao, usinitaje.

Ni mimi mdogo wako,
mpima bwawa.