Kichwa cha Wifi

Jumapili, 9 Machi
Nimesimama wa kwanza! Mchungaji aliuliza nani yuko tayari kwenda popote Mungu atakapomtuma. Hajamaliza swali, mimi niko wima, goti limegonga benchi. Watu wakapiga makofi. Nimeandikwa kwenye timu ya safari ya injili. Furaha tupu, goti linauma.

Jumatatu, 10 Machi
Leo hasira tupu. Binti mpwa wa marehemu mume wangu kaja saluni kwangu asubuhi, mteja yuko kitini, nusu kichwa kimesukwa. Eti mama yake — wifi yangu — tangu apooze upande mmoja mwezi uliopita hajachanwa. Nywele zimejifunga mafundo, ngozi inatoa damu. Hataki zikatwe. Hataki msusi mwingine. Ananitaka mimi, tena leo, ana neno la kuniambia.

Ana neno! Siku ya mazishi alikuwa nayo mengi. Mbele ya watu wote alisema nimemuua kaka yake. Miaka sita sasa, sijasikia samahani hata moja. Leo kichwa kinamuwasha ndiyo ananikumbuka?

Nikamwambia binti nina wateja. Kweli ninao. Mmoja.

Jumanne, 11 Machi
Maombi hayapandi. Nikifumba macho — kichwa cha wifi. Mungu, tuelewane. Nilisema nitume, sikusema nitume kwa huyo! Nipeleke kwa walevi, kwa wachawi, nitakwenda hata pekupeku.

Nimesuka wanne. Mmoja nimemvuta mpaka akatoa machozi.

Jumatano, 12 Machi
Mchungaji kapita saluni. Nikamwaga yote, nikitegemea aseme pumzika dada, umeumizwa vya kutosha. Akauliza kwa wifi ni mbali kiasi gani. Nikasema mitaa miwili. Akaendelea kunywa chai yangu. Nilitamani kumnyang'anya kikombe.

Haya. Kesho nitakwenda.

Alhamisi, 13 Machi
Sikwenda. Mvua.

Manyunyu tu, nisijidanganye.

Ijumaa, 14 Machi
Nimekwenda. Nimenuna, lakini nimekwenda! Nimebeba mafuta, chanuo kubwa, chupa ya kupulizia maji, na maneno yangu ya miaka sita. Njia nzima nayapanga, lipi litatangulia, lipi litamchoma zaidi.

Binti kanifungulia, macho yamevimba. Kumbe jana alfajiri kiharusi kimempiga mama yake mara ya pili. Hospitali wamemrudisha wakasema auguzwe nyumbani. Anasikia, anaelewa. Haongei tena.

Nikamuuliza binti, "Lile neno alilotaka kuniambia. Alikwambia ni nini?"

"Hapana, anti. Alisema atakwambia mwenyewe. Jumatano kutwa alinikalisha dirishani nikuangalie kama unakuja."

Jumatano! Jumatano nilikuwa nimekaa namsengenya kwa mchungaji, mitaa miwili tu kutoka hapo.

Labda alitaka kuniomba radhi. Labda alitaka kunitukana upya, namjua. Sitajua. Nimejikasirikia mpaka nimekosa hamu ya kula. Mimi wa kusimama wa kwanza! Mimi wa kupigiwa makofi!

Nikapanda kitandani, nikaweka kichwa chake mapajani. Kizito. Nywele zimekuwa nyeupe, zile zile alizokuwa akituringia. Mafundo kama haya unaanzia nchani, unashika shina ili usimuumize, unalegeza kidogo kidogo kwa mafuta. Saa tatu nzima, nimemaliza upande mmoja tu. Hotuba yangu sikuitoa. Ningemtolea nani, mtu hawezi hata kunijibu?

Jumamosi, 15 Machi
Saluni nimefunga, siku yenye wateja kuliko zote. Wakasirike. Niko kwa wifi tangu asubuhi.

Naandika hapa hapa, daftari juu ya godoro, herufi zimepinda kwa sababu natumia mkono wa kushoto. Wa kulia ameushika yeye kwa ule mkono wake mzima. Nilipokaa tu, akaudaka. Mdomo ukahangaika, ukahangaika, nikainama mpaka sikio likagusa midomo yake. Pumzi tu.

Nikamwambia, "Wifi, niachie basi nikuchane."

Binti ameleta maji ya moto, yamepoa. Kisogo chote bado ni mafundo. Nimemwambia tena, taratibu.

Haniachii.