Kanzu ya Kumi na Mbili

Chumba cha kufulia, Seminari
Jumatatu, 9 Machi

Mpendwa mdogo wangu,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Mgongo umeacha kukusumbua? Wifi na watoto hawajambo? Sisi tunamshukuru Mungu. Mama macho ndiyo hayo, ila ulimi bado wembe: jana kaniambia natembea kama bata aliyekosa bwawa.

Mafrateri wangu, wale vijana kumi na mmoja wanaosomea upadre, mwaka huu hawatulii darasani. Kila Ijumaa asubuhi wanabeba majembe kwenda kusafisha makaburi ya waliokosa ndugu na kuwatafutia majina, kule hospitali ilikozika watu kwa namba. Wamehangaika miezi mpaka wakaonyeshwa daftari la zamani la hospitali, maana wengi waliolala pale ni wachimba mawe, na wenye machimbo wanasema hakuna aliyewahi kufia kwao. Mmoja wao, tunayemwita Twiga kwa urefu, nilimtania kama anasomea upadre au ukulima. Akanijibu, "Mama, nitahubirije ufufuko juu ya namba?"

Sasa nikuambie linaloninyima raha. Wanakwenda kumi na mmoja, wanarudi kumi na mmoja, lakini kapuni nakuta kanzu kumi na mbili. Mara ya kwanza nilijicheka, nikasema uzee unabisha hodi. Ijumaa ya pili, vilevile. Ile ya ziada haina jasho shingoni. Inanuka udongo, na ni ya baridi hata ikishinda juani.

Ijumaa ya tatu nikaigeuza. Kwapani ina kiraka cha uzi wa bluu.

Unakumbuka, ndugu yangu. Ulitumwa uzi mweupe ukarudi na wa bluu, mama akakuchapa, kisha akashonea huohuo, maana kesho yake kaka yetu alikuwa anaingia seminari hii. Ndiyo kanzu aliyoondoka nayo walipomfukuza kwa kusimama na wachimba mawe, tusimwone tena.

Nikamwomba Twiga aangalie daftarini. Kaburi la arobaini na moja: mwanamume, amepondwa na jiwe, amezikwa na kanzu yake.

Mama, aliyekataa miaka yote kaka aombewe pamoja na marehemu, alipapasa kile kiraka kwa muda mrefu. Akasema, "Mwandikeni. Amechoka kusubiri."

Ili jina liandikwe msalabani hospitali inataka idhini ya ndugu wote. Mama ameweka dole gumba, nami nimetia sahihi. Umebaki wewe, na najua uliapa kwamba kaka yu hai mahali fulani. Sikulazimishi. Ila kanzu ile niliifungia kwenye sanduku la mama, ufunguo ninao shingoni, na Ijumaa iliyopita zikaja tena kumi na mbili. Nilipofungua sanduku nilikuta udongo mbichi tu.

Msalimie wifi, mabinti zako, na shangazi akipita hapo. Mungu akufunike wewe na nyumba yako, akulainishe na moyo.

Nijibu mapema, baba. Kanzu ile nimeianika tangu Ijumaa, jua kali, na hadi sasa inadondosha maji.

Dada yako, anayekupenda kama siku ile ya uzi wa bluu.