Kanga Ulizokuwa Ukipeleka London

Baba,

Shikamoo. Najua hakuna wa kuniitikia marahaba, lakini sijui kuanza vinginevyo na wewe.

Nimerudi kwetu Ibra, Oman, juzi. Ndiyo, nilikwenda London. Miaka yote ulinikatalia kufuatana nawe, sasa huna njia ya kunizuia.

Na nisikufiche, nilikwenda kukupeleleza. Kila kiangazi ukipanda ndege peke yako, wiki mbili, "nakwenda kutazamwa macho." Macho gani, Baba, yanayotaka doti ya kanga? Maana kanga nikinunua mimi. Ukinituma soko la wanawake la Jumatano, kwa kuwa wanaume hawaingii, ukanisisitizia nichague rangi ya kukoza. Unaondoka na doti nzima, unarudi na kipande kimoja, unanipa mimi: "Jifunge jikoni." Nikajifunga, miaka kumi na moja, na kila nikijifunga najiuliza kipande cha pili kajifunga nani.

Hata Mama alijua. Usidhani hakujua. Siku ya saba ya msiba, amekaa eda chumbani kwake, akaniita, akaniambia nifunge mlango. "Zuwena, mie sina wivu na maiti. Lakini mirathi haigawiwi kwa kukisia. Kama ana mke huko, ana fungu lake kama mimi. Kama ana watoto, ni ndugu zenu. Nenda katazame." Kaka Nasor akasema tusifukue yaliyofukiwa.

Katika pochi yako nilikuta kadi ya treni ya London, na karatasi yenye mwandiko wako: "Treni kutoka uwanja wa ndege, shuka kituo cha kumi na nne. Toka mlango wa duka la maua. Usivuke barabara. Basi la ghorofa, kituo cha saba. Mlango wa kijani."

Mlango wa kijani! Nikasema, panapofuka moshi pana moto.

Basi nikafika. Wallahi sikumwamini mtu mji ule. Yule bwana wa pasipoti aliniuliza nimekuja kumtembelea nani, nikahisi anakujua na anamjua huyo mkeo. Kwenye ngazi za umeme watu wote wamesimama upande mmoja, mwengine mtupu. Nikajiuliza hapa pana mtego gani. Mwanamme mmoja wa makamo akanyoosha mkono anibebee sanduku. Nikalikumbatia. Akacheka, akaenda kumbebea bibi mwengine, na sanduku la yule bibi likafika salama.

Kadi yako niliigusisha pale getini nikiwa na hakika itapiga kelele kuwa mwenyewe kafa. Geti likafunguka. Baba, nililia pale pale, watu wananipita huku na huku, hakuna aliyeuliza. Nilikuwa nimekukasirikia na nina hamu nawe kwa pamoja.

Nilipotoka kwa mlango wa duka la maua nikaitazama tena karatasi. Usivuke. Nikasema, huyu ananificha kitu ng'ambo ya barabara. Nikavuka. Na kwa akili zangu za Oman, ambako magari yanapita kulia, basi la kuelekea mbele lilikuwa lazima liwe upande ule. Nikapanda, nikahesabu vituo saba, nikashuka penye makaburi na kiwanja cha mpira. Mlango wa kijani hakuna. Saa nzima na mvua yake mpaka nikarudi nilikoanzia, nikapanda lile ulilosema.

Mlango upo. Nikagonga kwa nguvu, nimeshapanga maneno.

Akafungua bibi kizee, mweusi, mgongo umepinda, kajitanda kanga. Naijua ile kanga, nimeichagua mimi. Akanitazama usoni muda mrefu, akasema kwa Kiunguja kitupu, "Pua ya Salim hiyo. Yuko wapi mwanangu?"

Nikamwamkia shikamoo. Kisha nikamwambia umekufa.

Anaitwa Bi Mize. Mwenyewe unamjua, lakini nataka nikuandikie, kwa sababu hukulitaja jina lake hata siku moja nyumbani kwetu. Alikuwa mpishi wenu Unguja. Bibi alipokuzaa aliugua, maziwa yakakauka, na Bi Mize ndiye aliyekunyonyesha miaka miwili. Baadaye akafuatana na familia nyengine aliyokuwa akiipikia, wakaenda London, akabaki huko. Kwa hiyo huna mke huko wala mtoto. Una mama.

Ungedhani nilifurahi. Sikufurahi! Nilikumbuka Khalfan. Alikuja na wazee wake kuniposa, ukawanywesha kahawa, ukawarudisha, kwa sababu bibi yake alikuwa mtumishi wa jikoni. "Asili haifanani," ulisema, na sablani, kwenye baraza ya wanaume, ukoo wote wakakusifu. Na wewe, Baba? Ziwa lililokukuza lilikuwa la nani? Mke ningekusamehe siku ile ile. Hili limenichoma.

Nilimwambia Bi Mize hivyo hivyo, kwa hasira. Hakushtuka. "Alikuwa akiona haya," akasema. "Kila mwaka alikaa hapo ulipokaa akaniomba radhi, na kila mwaka nikampa. Nawe mpe." Akafungua kabati. Vipande kumi vimekunjwa humo, na cha kumi na moja mwilini mwake. "Vyengine nilikuwa nakupelekea wewe, mjukuu wangu. Doti ukigawana na mtu, mtu huyo ni wako."

Nikampigia Mama simu. Nikamweleza yote. Halafu akasema, "Kumbe nina mkwe, na sikupata kumpikia hata siku moja." Akalia. Sikupata kumsikia akilia tangu ulipofariki.

Nilipoaga nikamwonesha Bi Mize karatasi, nikamwambia nilivyopotea. Akacheka mpaka akashika ubavu. "Alinambia mwaka jana, Zuwena nimeshamwandikia njia, lakini mbishi, atavuka."

Ndipo nikafahamu. Ulikuwa ukienda kila mwaka, huna haja ya kuandikiwa njia. Na lile neno "usivuke" hukujiandikia wewe. Ulikulia Unguja, magari yanapita kushoto kama London. Mwenye kukosea pale ni mimi, mtoto wa Ibra. Ulishindwa kunambia kwa mdomo, ukaniachia pochini.

Baba, bado nina hasira, na nitakaa nazo kidogo. Lakini Ijumaa hii Nasor atasimama sablani mbele ya ukoo wote aseme wewe ni mtoto wa Bi Mize. Ameniahidi, na asiposema yeye, nitaingia niseme mimi, wanaume wakitaka wasitake. Kiangazi kikija nitapeleka doti. Mama eda yake itakuwa imekwisha, nitakwenda naye, na sufuria yake.

Lala salama. Mama yako yu radhi nawe. Mimi naja nyuma yake, polepole, na safari hii sivuki.

Mwanao,
Zuwena