Mume Wangu Anakwenda Fisksätra Kunyamaza na Watu Nisiowajua

Shangazi Benedicta, nakuandikia kwa mkono mmoja, mwingine umembeba Mélissa ambaye meno yanamtoka, kwa hiyo nikikosea univumilie. Jambo lenyewe ni mume wangu Gratien, sisi ni Warundi, tunakaa Farsta hapa Sweden, ndoa yetu ni ya kanisani, lakini tangu baridi ianze kila Jumanne jioni anakwenda Fisksätra kwa kikundi cha watu wanaofuata mafundisho ya Buddha, wanakaa chini, wanafumba macho, wanatazama pumzi zao, eti wanajifunza kuona mambo yalivyo, na mimi najiuliza, pumzi kwani Farsta haipo?

Hata nyumbani anakaa hivyo asubuhi juu ya mto, nikimtuma Axel amwamshe baba yake mtoto ananijibu kwa Kiswidi, baba hajalala, anapumua. Simu yake nimeipekua, Mungu anisamehe, sikukuta kitu, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi zaidi. Siku hizi hanigombezi, zile kelele alizokuwa akipiga usingizini tangu nimjue zimepungua, lakini mwanamume akibadilika hivi bila kusema, si kuna mtu anayembadilisha?

Basi Jumanne iliyopita nikamfuata nikisukuma kigari cha mtoto. Nikafungua mlango nikakuta viatu vimepangwa, na ndani watu wanatembea polepole, wanaangalia chini kama waliopoteza sindano. Nikasema hamjambo, kimya. Nikasema kwa Kiswidi, kimya. Gratien akaniona, akanipungia mkono nisubiri, akaendelea kutembea, mume wangu wa ndoa ananipita kama nguzo! Kisha kengele ikalia, msichana mmoja akamletea chai isiyo na sukari, na yeye hata hakuomba, alijuaje kwamba Gratien hatumii sukari? Akanimiminia na mimi, sikunywa, najuaje ndani mna nini?

Njiani nikamuuliza, "Wale ni mabubu?"

"Si mabubu, mama Axel. Ulikuwa wakati wa kimya."

"Kimya hata kwa mkeo?"

"Hata kwangu mwenyewe."

Jibu gani hilo, Shangazi? Sasa anataka kwenda nao kunyamaza wiki nzima katika nyumba moja msituni, simu zinakusanywa mlangoni. Nikamweleza mama Orpha wa kanisani kwetu Tumba, akasema kichwa kikiachwa kitupu pepo huingia, kwa hiyo Jumamosi atakuja na akina mama wa maombi wamwombee, na Gratien asijue mapema asije akakimbia. Nampenda mume wangu na sitaki kumpoteza, si kwa msichana wala kwa sanamu. Nimfungulie mama Orpha mlango au nifanyeje?

Mama Axel, Farsta

*

Mama Axel, pole mwanangu. Sasa nikukemee kidogo.

Umekwenda kufumania na kigari cha mtoto, umekuta nini? Watu wenye soksi. Hawakukudharau. Wakiwa katika zoezi lile la kutembea hawasemi na mtu, hata wao kwa wao, mpaka kengele ilie. Najua, kwetu asiyeitikia salamu ana kinyongo au ana jini, na ningekuwa mimi ningepiga hodi ya pili kwa sauti kubwa zaidi. Lakini umeihukumu nyumba ya watu kwa desturi ya sebuleni kwako. Na hiyo chai, hapa Sweden nani anawekewa sukari? Hata wewe ulimiminiwa.

Kuna jambo umeliandika mbiombio ukalipita: kelele za usingizini zimepungua. Umewahi kumuuliza alikuwa akimpigia nani kelele? Mtu anayelia usingizini miaka yote, leo ameanza kutulia, wewe unataka akina mama wamvamie nyumbani kwake bila kujua, wamshike kichwa, wakemee! Hapo ndipo utampoteza, na hakutakuwa na msichana wa kumlaumu.

Lakini sikuambii ulale usingizi. Kikundi kinachomwambia mtu afiche aliko, amtoroke mkewe au aache kusali kanisani kwake, hicho si cha kukiamini hata kikitoa chai. Na wewe Gratien, najua utasomewa barua hii: umejifunza kuona mambo yalivyo, mbona hujaona kwamba mkeo amechoka? Wewe unapata saa ya kukaa na pumzi yako, yeye hata bafuni anafuatwa. Hujamwambia kinachokupeleka huko, umemwachia akisie, na mtu aliyechoka hukisia mabaya.

Mama Axel, fanya hivi. Leo hii mpigie mama Orpha, mwambie Jumamosi asije. Akitaka kuomba aombe Tumba, Mungu atamsikia kutoka hukohuko. Halafu watoto wakilala muulize Gratien, ukifumba macho unaona nini? Ukishauliza, nyamaza mpaka ajibu, hata ikichukua muda.

Kabla hajaenda msituni aache anuani, na namba ya mtu wa huko anayebaki na simu. Na mwisho wa wiki utakaotangulia safari, watoto ni wake, Mélissa na meno yake, wewe unalala. Akikataa hata moja, haendi, na nitakuja Farsta kusimama mlangoni pamoja nawe. Akikubali yote, mwache aende. Muage kwa jina lake, ulitamke vizuri, maana huko aendako hakuna atakayemwita.