Fungu la Mpita Njia

Mama Wanja,

Hapa Runyenjes mvua imenyesha, na kahawa yako nyuma ya jikoni imechanua bila kukuuliza. Mimi bado nauza ndizi pale pale karibu na steji ya boda boda. Kuna jambo limenipata, na wa kumwambia ni wewe tu.

Wiki jana walikuja watu wa chuo kikuu kuchunguza kwa nini mtu humsaidia asiyemjua. Hawakutangaza; mchezo niliubaini mwenyewe, habari za chuo walinieleza baadaye. Msichana alipita na gunia la maparachichi, likapasuka mbele yangu, akaanguka nalo. Jua lilipopanda akarudi, gunia likapasuka tena. Mwenzake alikuwa kando ya duka la dawa akijifanya anaongea na simu, macho yote kwetu. Unanijua: kazi yangu ni kutazama watu, ndizi ni kisingizio.

Steji ikijaa, kila mmoja alingoja mwenzake ainame kwanza. Ilipobaki tupu, mama mmoja alifunga mbuzi wake kwenye meza yangu, bila ruhusa, akaanza kuokota. Mbuzi naye akaanza ndizi.

Sasa sikiliza. Tangu tukuzike, sauti yako imekuwa ikinipotea. Uso ninao, uko ukutani. Lakini sauti... Asubuhi hiyo nilikuwa nayasema maneno yako peke yangu, ili niikumbuke, na ilitoka yangu tu, ya chura. Niliogopa, Mama Wanja. Nilihisi unakufa mara ya pili.

Basi gunia likapasuka tena. Nilijua kabisa ni mchezo. Nikakusikia: "Baba Wanja, umekalia mikono?" Wewe mwenyewe, na ile hasira yako ya haraka. Niliinuka hata goti likalia. Vijana wa boda wakapiga kelele, "Mzee ameokota bibi!" Mimi nikaokota maparachichi, machozi yakinisumbua kama moshi.

Yule wa simu akaja kuniuliza kwa nini nimesaidia na wengine wamekaa. Nikamwambia mgongo ulitaka mazoezi. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa hekima. Ningemwambia nini? Kwamba niliinama ili nigombezwe?

Unakumbuka ulivyokuwa unabakiza githeri, mahindi yako na maharagwe, kwenye sufuria kila jioni, fungu la mpita njia? Nilikucheka: "Huyo mpita njia hata hajazaliwa." Ukanijibu, "Na akija, utampa vicheko?" Ulipoondoka mkono wangu ulibaki na kipimo chako. Napika kingi, kuku wananona.

Siku hiyo niliwaita wale wawili nyumbani. Msichana akala, akanitazama, akasema, "Baba, hii githeri haijawahi kuonana na chumvi." Tangu uende, hakuna aliyetukana upishi wangu. Wote wananihurumia, wanameza tu. Nilicheka, kisha nikaenda nyuma ya jikoni kutafuta kuni ambazo sikuzihitaji. Nikakaa na kahawa yako kidogo.

Wamekwenda Gachoka, kuanguka huko. Steji ni kimya kwangu, ingawa imejaa watu.

Pumzika, mke wangu. Fungu litabaki kwenye sufuria, na chumvi nitatia. Na yeyote atakayeanguka mbele ya meza yangu, hata wa kujifanya, nitainuka. Lakini nitachelewa kidogo makusudi, nikingoja uniseme kwanza.

Wako,
Baba Wanja